Beberu Aliyekwisha Kuliwa Alivyoniingiza Darasani

Bwana asifiwe! Na asifiwe pia na ninyi wa benchi la nyuma kabisa, maana mimi nilikaa huko miaka mingi na ninaujua usingizi wa huko! Bwana asifiwe tena! Haya, sasa mmeamka.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, salama? Kwa wale wasionifahamu, mimi ni Tabita. Ni fundi sanifu wa majengo, mwenye Stashahada ya Ujenzi, na nilifaulu katika daraja la kwanza. Stashahada yenyewe nimekuja nayo. Ipo hapa ndani ya mfuko, kwenye fremu yenye kioo, na baada ya ibada nitaipitisha muione, ila mnawe mikono kwanza. Yale madarasa mawili mapya yanayopanda pale shuleni, msimamizi wake ni mimi. Ile kofia ngumu nyeupe mnayoiona ikizunguka juu ya jukwaa la mafundi ni yangu. Za njano ni za vibarua. Nyeupe ni ya bosi! Wanaume kumi na mmoja wananingoja kila asubuhi niwaambie ukuta umenyooka au haujanyooka.

Mchungaji aliniambia jana, "Tabita, ukisimama pale jitahidi usijisifu sana." Mchungaji, ninajitahidi! Lakini mtu aliyetolewa nilikotolewa mimi akinyamaza, mawe ya msingi wa ile shule yatasema badala yake. Na baadhi ya mawe hayo niliyabeba kwa kichwa hiki hiki.

Ndugu zangu, nilizaliwa hapa hapa kijijini. Baba sikumjua. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili. Nikalelewa na bibi yangu, mama yake mama, kwenye tembe lake kule upande wa bondeni. Wadogo siku hizi mmezoea bati, kwa hiyo niwaambie: tembe ni nyumba ya udongo mpaka juu, na mvua ikizidi, dari lote linakuwa tope. Bibi alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mvua ilizidi, na tembe likalala chini. Mimi nilikuwa nje nachuma mlenda. Nikarudi na mboga mkononi, sina pa kuipikia.

Wajomba zangu walikuwa wamekuja msibani, watatu. Waligawana mbuzi, waligawana majembe, waligawana mpaka kinu cha kutwangia. Kisha kila mmoja akapanda gari lake akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyenichukua. Siwalaumu. Nimeshawasamehe, na mmoja wao nilimjengea choo mwaka juzi, choo kizuri kuliko nyumba yake! Lakini siku ile nilisimama barabarani nikiwa na miaka tisa, na hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa akijua mimi ni wake.

Nikaenda kuishi mashineni. Wenye umri wangu mnaikumbuka ile mashine ya kukamua alizeti karibu na barabara kuu. Nyuma yake palikuwa na kibanda cha kuwekea mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya mafuta kutoka. Mashudu yana joto. Mwenye mashine aliniacha nilale juu ya magunia, na mimi nikawa nafagia uwanja wake. Nilikuwa na mafiga matatu na kopo la rangi lililokwisha rangi. Ndilo lililokuwa chungu changu. Unga wa uwele niliupata kwa kuwaoshea akina mama masufuria pale barabarani. Nikanuka mashudu nywele hadi kucha. Watoto wa shule wakipita walikuwa wakiimba, "Mashudu! Mashudu! Ng'ombe wanakuita!" Wengine wenu mlioimba mpo humu ndani. Ninawaona. Msiiname, mimi sina kinyongo, nina stashahada!

Sasa, mwaka ule kijiji kilikuwa kinajenga darasa. Kila kaya ilipangiwa kazi: maji ndoo nane, mawe arobaini. Aliyekuwa anasimamia ni Baba Yohana, mgambo wa kijiji, yule mwenye kirungu na daftari la jalada jekundu. Mnamkumbuka! Mtu akimwona anakuja na daftari lile alikuwa anaruka uzio. Baba Yohana hakujua kusoma sana, lakini alijua kuandika majina na alikuwa na kanuni moja tu: kila moshi ni kaya. Hakuhesabu milango. Alihesabu moshi, kwa sababu mlango unaweza kuufunga ukajificha, lakini lazima ule.

Asubuhi moja akauona moshi nyuma ya mashine. Akaja moja kwa moja na kirungu chake.

"Moshi wa nani huu?"

"Wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mkuu wa kaya yuko wapi?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. "Ni mimi."

"Jina?"

"Tabita."

"Tabita nani?"

"Tabita tu."

Akalamba ncha ya kalamu, akaandika polepole. "Kaya ya Tabita. Watu?"

"Mmoja."

"Ndoo nane, mawe arobaini. Mwisho Ijumaa ijayo. Usipoleta, nakuja kuchukua kuku."

"Sina kuku."

"Basi leta mawe."

Akaondoka! Ndugu zangu, mtu mzima mwenye akili timamu aliniandika mimi, mtoto wa miaka tisa, kuwa mkuu wa kaya, na hakuona ajabu yoyote. Lilikuwa kosa. Leo kumbebesha mtoto mawe ni kosa kisheria, na saitini kwangu mtoto hagusi hata kokoto. Lakini Mungu wetu anajua kujengea hata tofali lililovunjika!

Nilifurahi jinsi gani! Tangu bibi aondoke, nilikuwa sijaandikwa popote. Nikabeba maji kwa kidumu nusu nusu, vidumu vinne vikijaza ndoo moja. Mawe niliyatoa kule kwenye miamba mikubwa, nikiyafunga kwa kanga ya bibi. Nilipeleka arobaini. Kisha nikaongeza sita. Mnajua kwa nini? Nilidhani anayejenga darasa ataruhusiwa kuingia. Akili yangu yote ilikuwa hapo. Sikutaka nyumba wala nguo. Nilitaka kukaa ndani ya kile chumba, kwenye dawati, nijue zile alama ubaoni zinasema nini.

Darasa likakamilika. Uandikishaji ukaanza. Nikanawa, nikaenda, nikashika foleni.

Mwalimu Mkuu wa wakati ule akaniuliza cheti cha kuzaliwa. Sina. Kadi ya kliniki? Ilizikwa na tembe. "Basi leta barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba wewe ni mkazi hapa." Nikaenda kwa mwenyekiti. Akaniuliza, "Unakaa wapi?" Nikasema mashineni. "Mashine si nyumba. Barua naandikia wakazi. Lete mzazi." Nikarudi kwa Mwalimu Mkuu. "Lete barua." Nikarudi kwa mwenyekiti. "Lete mzazi." Mara tatu, ndugu zangu! Mara tatu nilipita mlango ule wa ofisi, na mlangoni amesimama Baba Yohana na kirungu chake, ananiona naingia, ananiona natoka nalia, hasemi neno.

Nikaanza kukaa nje, chini ya dirisha la darasa. Nilisikiliza wakiimba herufi, nami naandika vumbini kwa kijiti. Sikuyaona yaliyo ubaoni, kwa hiyo nilibuni mwenyewe herufi zinavyofanana. A yangu ilikuwa na miguu minne kama meza! Kisha kiranja anakuja, "Mashudu, ondoka, unavuruga wenzako." Wenzangu! Nilikuwa nimepigilia mawe arobaini na sita chini ya miguu yao.

Ndipo akapita mama mmoja kutoka mjini akitafuta msichana wa kazi. Akaniona nafagia. Akasema atanichukua Jumamosi kwa lori la vitunguu, nikalee mtoto wake. Nikauliza, "Nitasoma?" Akacheka. "Ukilea vizuri tutaona." Nilikuwa mdogo, lakini hiyo "tutaona" niliielewa. Siku ile ndiyo ya kwanza mimi kuomba kwa kinywa changu. Sikujua maneno. Nilisema, "Mungu wa Bibi, mimi ni Tabita wa mashineni. Kama umeniandika mahali popote, fungua ukurasa huo kabla ya Jumamosi."

Ijumaa ukaitishwa mkutano wa kijiji. Haleluya! Subirini, beberu anakuja!

Mkutano ule ulikuwa wa kusoma majina. Kaya zilizomaliza kazi ya darasa zinasomwa na kupigiwa makofi, na zilizokwepa zilishatozwa faini, huyu kuku, yule jembe. Mzee Elia, yupo pale benchi la tatu, anacheka tayari, yeye alitozwa beberu! Beberu mweusi mwenye ndevu, wa kujivunia. Kosa lake ni kupungukiwa ndoo tatu za maji.

Baba Yohana akasimama, akafungua daftari, akasoma kama anavyosoma siku zote, jina moja kwa pumzi moja. Akafika: "Kaya ya Tabita. Maji yote. Mawe yote. Na mawe sita zaidi."

Kikazuka kicheko. "Tabita yupi? Mashudu?" Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimejibanza kwenye ukuta wa ofisi. Mwenyekiti akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Futa hiyo. Ile si kaya. Ni katoto kanalala mashineni."

"Mwenyekiti," Baba Yohana akasema, "daftari langu halifutwi."

"Nimesema futa. Umekosea kuandika."

Mzee Elia akaruka kama amekalia siafu. "Rudia hapo hapo! Nani kakosea?"

"Mgambo kakosea, Mzee Elia. Kaa chini."

"Sikai! Kumbe hilo daftari hukosea! Basi limenikosea na mimi. Nataka beberu wangu!"

Mkutano ukalipuka. Mama mmoja, "Na kuku wangu wawili!" Mwingine, "Na jembe langu jipya!" Mwenyekiti anapiga meza. Kijana mmoja kule pembeni akapaza sauti, "Mzee Elia, beberu wako keshaliwa!"

"Kaliwa na nani?"

"Na wale wageni waliokuja kukagua msingi! Na mwenyekiti ndiye aliyekula ini!"

Ndugu zangu! Kicheko cha siku ile sijakisikia tena, na nimefika Dodoma, nimefika Geita, nimefika Mbeya! Mwenyekiti alifuta jasho kwa kofia yake. Aliona kilichomkuta. Akinifuta mimi, daftari ni la uongo, na daftari likiwa la uongo, arudishe kuku, arudishe majembe, arudishe beberu ambaye yumo tumboni mwake! Akakaa. Akanong'onezana na wajumbe wake. Akasimama tena, sauti imepungua.

"Daftari liko sahihi."

"Lote?" akauliza Mzee Elia.

"Lote."

Nami nilidhani yameishia hapo. Lakini Baba Yohana hakuketi. Yule mtu tuliyekuwa tukimkimbia akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona pale ukutani.

"Basi Mwenyekiti," akasema, "kama lote ni sahihi, hii ni kaya. Imemaliza kazi yake na kuzidisha. Mkuu wa kaya hii amekuja ofisini kwako mara tatu kuomba barua ya shule. Mimi nilikuwa mlangoni. Kaya zote umeziandikia. Hii unaiandikia lini?"

Bwana asifiwe! Barua iliandikwa pale pale, juu ya meza ya mkutano, muhuri ukagongwa mbele ya kijiji kizima. Wengine Mungu huwapelekea kondoo kichakani kwa wakati wake. Mimi alinipelekea beberu aliyekwisha kuliwa! Jumamosi lori la vitunguu likaja, yule mama akapiga honi, mimi nikampungia mkono nikiwa nafua kanga ya bibi nishone sketi.

Jumatatu nikampa Mwalimu Mkuu barua. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Hapa imeandikwa mkuu wa kaya ni Tabita."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mwanafunzi ni Tabita."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa mzazi nitamwita nani siku ya kikao?"

"Utaniita mimi."

Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika. Na kweli aliniita! Kila kikao cha wazazi nilikaa na akina baba na akina mama, miguu haifiki chini, nikinyoosha mkono kuuliza kwa nini choo cha wasichana hakina mlango. Ripoti yangu niliisaini mwenyewe sehemu ya mzazi. Darasa la tatu niliandika, "Mtoto aongeze bidii katika Hisabati." Na mtoto akaongeza! Darasa la saba nikawa wa kwanza shuleni. Nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ufundi, darasani tulikuwa wasichana wanne, na aliyeongoza katika michoro mnamjua ni nani. Nikajenga zahanati, nikajenga mabweni, nikarudi nyumbani na pikipiki yangu, nikajenga nyumba ya vyumba vitatu, bati la rangi, madirisha ya kioo. Ninalala chumba kimoja. Viwili vina mwangwi.

Ndugu zangu, ningeishia hapo mngepiga makofi na mimi ningeketi. Lakini Bwana hakunileta madhabahuni nitangaze bati. Kuna jambo linanichoma.

Majuma matatu yaliyopita, asubuhi, nilifika saitini nikakuta majivu nyuma ya stoo ya saruji. Majivu ya moto, na mafiga matatu. Hapo pembeni amesimama msichana mdogo, ameshika mkono wa mdogo wake wa kiume. Akaniambia anataka kubeba maji. Nikamwambia watoto hawafanyi kazi hapa. Akasema hataki hela, anataka akibeba aruhusiwe kuingia darasa hilo likiisha, kwa sababu shuleni wamemkataa. Wamemwambia alete barua.

Na mimi, Tabita wa mashineni, mwenye kofia nyeupe, nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe ni wa wapi? Nenda kalete mzazi wako."

Kinywa hiki! Kinywa hiki kilichoomba juu ya magunia ya mashudu!

Yule mtoto akasema, "Sina. Shikamoo." Akageuka, wakaenda zao.

Nilisimama pale, sikusikia mafundi wakiniita. Nilikuwa nimepanda juu mpaka nikakaa kwenye kiti cha yule mwenyekiti, na kilinitosha vizuri kabisa! Nikavua kofia nikaiweka chini, nikalia mbele ya wanaume kumi na mmoja. Ndugu zangu, mara ya kwanza Bwana aliniokoa na kutojua kusoma. Siku ile aliniokoa na jambo baya zaidi, aliniokoa na kusahau.

Niliwatafuta siku mbili, nikawakuta kwenye vibanda vya mnada wa mifugo. Wapo watoto watano pale, si wawili. Huyu msichana anaitwa Zawadi. Yeye na mdogo wake walifiwa na mama, chumba walichopanga wakatolewa. Ana miaka tisa. Sheria ya nchi hii inasema mtoto ana haki ya kusoma. Haijasema mtoto mwenye paa. Haijasema mtoto mwenye barua. Lakini kati ya sheria na dawati pana meza, na kwenye meza pana mtu anayesema "lete mzazi", na mtu huyo ni sisi.

Mama Yohana, asante. Juzi nilikwenda kumsalimu mjane huyu wa Baba Yohana, akanitolea kitu chini ya kitanda. Hiki hapa! Daftari la jalada jekundu. Panya wamekula pembe, lakini ukurasa ule upo. Sikilizeni: "Kaya ya Tabita. Watu, mmoja." Mungu alikuwa ameniandika, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kama wa mgambo!

Leo mbele yenu ninachukua kalamu. Nakata "mmoja". Naandika "watatu", na pembeni naongeza jina la Zawadi na la mdogo wake. Zawadi na mdogo wake wamehamia kwangu, na nilishakwenda ustawi wa jamii kuwaeleza, nao wanakuja kukagua nyumba. Waje! Watakuta imenyooka kila kona!

Lakini wamebaki watatu kule mnadani, nao si lazima wangoje mtu mwenye vyumba vya ziada ndipo wasome. Nimeandika majina yao hapa chini, moshi wao nimeuona kwa macho yangu. Mwenyekiti wetu wa sasa yupo hapa, kiti cha mbele. Shikamoo, Mwenyekiti. Kalamu ninayo, muhuri najua unatembea nao mfukoni. Sitaki beberu wa mtu yeyote! Ninaomba barua tatu, leo, baada ya sadaka. Na wewe uliyekaa hapo unayesema huna cha kumpa Mungu, kesho saa mbili asubuhi twende wote shuleni, tujaze ile ofisi, wakiuliza mzazi yuko wapi, tusimame wote.

Namshukuru Mungu wa Bibi. Nawashukuru mlionicheka na mlionisomea jina. Mwaminini, ana daftari lisilofutwa!

Zawadi, upo wapi? Usijifiche nyuma ya nguzo, mama. Njoo hapa mbele na mdogo wako, uwaonyeshe watu hawa jina lako lilivyoandikwa. Hiyo ya kwanza ndiyo Z. Ikamate kwa kidole, ni yako.